Kilio cha Kigogo cha Mgomba

Mwaliko ulikuja katika bahasha ngumu yenye picha ya kinubi pembeni, na nilipoufungua nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuuliza kama nimepata wazimu. Chuo kikuu kimoja cha Ayalandi, chenye idara nzima ya utafiti na kazi za ubunifu katika sanaa, utamaduni na jamii ya Waayalandi, kilikuwa kinanialika mimi, Zefania, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, niwe mgeni wa heshima katika ukumbi mmoja pale Same, siku ya "kuirudisha sauti nyumbani." Maneno hayo walikuwa wameyapiga chapa kwa rangi ya dhahabu. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwanamke wa kitongoji chetu, nusu saa kwa mguu kutoka Suji, iliyonaswa kwa mashine zaidi ya miaka hamsini nyuma, Mwingereza akiwa bado anatutawala. Walikaa nayo kabatini mpaka mwenye sauti akafa, mpaka aliyeinasa naye akafa, ndipo wakakumbuka kwamba ina kwao. Mimi waliniita mtafsiri wa kwanza. Mke wangu alisema ni heshima kubwa na kwamba nishone suti mpya. Nilimwambia ile ya zamani inatosha sana kwa shughuli ile. Sikumweleza kwa nini, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsimulia mtu habari za mwaka ule, na mtu akizoea kunyamaza huona uvivu kuanza kusema.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, mwalimu wa darasa la tatu, na nilikuwa kijana wa kuchukiza. Nasema hivyo bila kujitania. Nilikuwa na kalamu ya wino ambayo niliichomeka mfuko wa shati hata nikienda kukata majani ya ng'ombe, nilizungumza Kiingereza na mbuzi ili ulimi usikauke, na nilikuwa nimeshaamua kwamba milima ile ni midogo kwangu. Kwa hiyo Bwana Kolumu, yule Mwayalandi wa kunasa sauti, alipopandishwa kutoka Same mwanzoni mwa kiangazi, akitanguliwa na wanaume wanne waliobeba mashine yake na betri mbili za gari, nilijua mimi ndiye niliyeletewa. Alipewa chumba cha wageni pale shuleni. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala baadaye: kitanda cha chuma, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kitabu cha tenzi chini yake, dirisha lililotazama tambarare huko chini ikitimua vumbi jekundu, na harufu ya samaki wa kopo ambayo haikutoka hata tulipopiga deki kwa majivu. Alikuwa mrefu, ana ndevu za rangi ya nywele za mahindi, na machozi yake yalikuwa karibu mno. Jambo la kwanza alilolisema mbele ya wazee, hata kabla hajakaribishwa kiti, ni kwamba yeye si Mwingereza. "Sisi pia walitutawala," alisema, mkono kifuani, nami nikatafsiri. "Walitunyang'anya ardhi, wakatunyang'anya na lugha. Mimi ni ndugu yenu." Mzee mmoja aliuliza kama ndugu huyu naye analipa kodi ya kichwa. Swali lile sikulitafsiri.

Alichokuja kukitafuta ni vilio vya matanga. Alinieleza jioni moja akinywa chai yangu, maana ya kwake aliihifadhi, kwamba katika nchi yao ya zamani walikuwapo wanawake walioongoza kilio cha maiti kwa mashairi, wakimsifu marehemu, wakimkaripia kwa kuondoka, mpaka mapadri wakawafukuza. Wa mwisho katika wilaya yake alikufa yeye akiwa mtoto wa shule, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Sasa alikuwa anaandika kitabu cha kulinganisha vilio vya Ayalandi na vya mataifa mengine, na baada ya kitabu alikusudia kuandika mchezo wa kuigiza. Kwa kifupi, kitu walichokipoteza kwao alikuja kukitafuta kwetu, kama mtu aliyedondosha ufunguo nyumbani kwake akaja kupekua mifuko ya jirani. Leo naona ni kichekesho. Wakati ule nilitikisa kichwa kwa huzuni ya kisomi na kumwambia kwamba mtu anayemtaka namjua.

Mtu huyo alikuwa Mama Senkondo. Misheni haikupenda kazi yake, lakini hata mashemasi walipofiwa walimtuma mtoto akamwite kupitia mlango wa nyuma. Shida ikawa kwamba watu hawakufa. Mwaka ule kitongoji chetu kilikuwa na afya ya kuudhi. Kila Jumatatu Bwana Kolumu aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayewaulizia wajomba zake, ni nani anaumwa, nami nilikwenda nyumba kwa nyumba nikileta habari za vikohozi. Tulimpata mzee mmoja aliyekuwa amelala wiki tatu bila kula. Bwana Kolumu alimpelekea maziwa ya kopo kwa heshima, akaandaa betri zake, akasubiri. Mzee alikunywa maziwa, akaamka, akaenda kupalilia kahawa. Nilimwona Bwana Kolumu akimtazama kutoka barazani kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa, na sikuona ubaya wowote, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekasirika kuliko yeye. Alikuwa ameniahidi barua ya kunisifia kwa chuo kimoja cha ng'ambo, na barua ile haingeandikwa mpaka kazi yake ikamilike.

Ndipo nikamkumbusha, au tuseme nikamuuzia, desturi yetu ya kigogo cha mgomba. Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, hukatwa kigogo cha mgomba chenye urefu wake, kikavikwa shuka lake, kikaliliwa ndani ya nyumba, kikazikwa. Anayeongoza kilio sharti amtaje marehemu kwa jina mara tatu, kichwani, kiunoni na miguuni. Jina lisipotajwa, kilichozikwa ni mgomba tu. Jina likitajwa, mtu yule amekufa mbele ya ukoo na mbele ya baraza. Shamba lake hugawiwa, mke wake hurithiwa. Na nyumba iliyokuwa na mtu wa namna hiyo ilikuwa ni ya Mama Senkondo mwenyewe. Mwanawe wa pekee, Senkondo, alichukuliwa vitani, barua ikaja moja kutoka Bama, kulikokuwa na vita na Wajapani, kisha kimya. Vita ilikwisha, wenzake walirudi na makoti yao na vikohozi vyao, yeye hakurudi, wala jeshi halikuleta neno kwamba amekufa. Mkewe Nakiete, aliyenizidi mimi miaka minne hivi, alikuwa anamsubiri hapo hapo kwa mama mkwe, na binti yao ambaye baba yake hakuwahi kumwona. Walikula kutoka shamba la Senkondo lililo chini ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, shamba lililokuwa la kwanza kupata maji. Mzee Mbonea, ndugu wa baba yake Senkondo, alikuwa amelitolea macho shamba lile miaka mingi. Kila mwaka aliwaambia watu kwamba umefika wakati wa kukata kigogo, na kila mwaka Mama Senkondo alimjibu akate chake.

Nilikwenda kwao saa sita mchana, wakati makande yanapoiva, nikijua hawatanifukuza mbele ya chungu. Naiona ile nyumba: moshi umeganda kwenye boriti, shuka la Senkondo limekunjwa juu ya sanduku, Nakiete anapukuchua mahindi. "Shikamoo, mama," nilisema. "Marahaba, mwanangu. Kaa, ule." Nikala. Nikasifu. Kisha nikaeleza habari ya mashine kwa maneno laini. Mama Senkondo aliacha mwiko chunguni. "Mwalimu, mwanangu hajafa."

"Najua, mama. Huu ni mchezo tu, wa mashine."

"Kilio hakina mchezo."

"Bwana huyu anakula meza moja na Bwana DC kule Same. Anafahamiana na wakubwa wa jeshi. Ukimfanyia hili, ataandika barua kuuliza Senkondo yuko wapi."

Nakiete aliacha kupukuchua. Yule mama alinigeukia. "Aandike kwanza," alisema.

"Ataandika ukishamaliza, mama. Wazungu ndivyo walivyo."

Alifikiri mpaka makande yakaanza kushika chini, harufu ya kuungua ikajaa nyumbani. Kisha akasema, "Nitalia. Lakini jina la mwanangu halitatoka kinywani mwangu. Pale penye jina nitanyamaza. Nakiete, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na wewe mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia," nilisema. Nikaomba niongezewe makande.

Siku ya kunasa sauti Bwana Kolumu alifanya kituko ambacho wakati ule nilikiona ni utaalamu. Hakutaka kuku, hakutaka watoto, hakutaka majirani wenye kukohoa. Alikuja kusikiliza kilio cha kijiji, akaanza kwa kukifukuza kijiji. Hata Nakiete alitolewa mpaka nje ya ua. Tukabaki watatu chumbani, na mashine, na kile kigogo kilichovikwa shuka la kijana wa watu. Mama Senkondo alipiga magoti. Nimesikia kwaya kubwa duniani tangu siku ile, nimekaa katika kumbi zenye viti vya mahameli, na sijasikia tena sauti ya namna ile. Alimlaumu aliyelala kwa kuondoka bila kuaga, akamwonyesha mfereji alioutengeneza na mti alioupanda, akamuuliza ni nani sasa atamfungulia maji zamu ikifika. Alipofika kichwani alinyamaza. Mkanda ulizunguka, tukasikia mashine ikiunguruma kidogo, kisha akaendelea. Kiunoni akanyamaza. Miguuni akanyamaza, midomo ameibana kama mtu aliyeshika sindano mdomoni wakati wa kushona. Bwana Kolumu alikuwa analia waziwazi. Tulipotoka alinishika bega akaninong'oneza, "Umeusikia ukimya ule? Ni sanaa kubwa. Bibi zetu nao lazima walikuwa nao." Kisha akataka kigogo kizikwe kweli, ili apige picha. Mama Senkondo alikataa kushika udongo. Tulikizika sisi wawili, mimi na Mwayalandi, nyuma ya nyumba, naye akaniambia nisimame kando nisionekane kwenye picha.

Jioni nilikaa kwenye ile meza yenye mguu mfupi nikiandika tafsiri, ya Kiingereza kwa ajili ya kitabu na ya Kiswahili kwa ajili ya adabu, maana alitaka kumwachia nakala mfumwa, yaani mtemi wetu. Nilipofika pale penye ukimya niliacha nafasi. Bwana Kolumu alisoma begani kwangu akavuta pumzi kwa kutoridhika. "Msomaji wa Dublini atajuaje ni nani anayeliliwa?" aliuliza. "Anamwomboleza nani?" Nikasema mwanawe, Senkondo. "Basi andika. Mashairi hayawezi kuwa na mashimo." Angekuwa mtu wa kunilazimisha ningekuwa na cha kujitetea. Hakunilazimisha. Alikwenda kufungua kopo la samaki, akinipa mgongo, na mimi nikachovya kalamu ile niliyoipenda nikaandika Senkondo, nikaandika Senkondo, nikaandika Senkondo, na la tatu nililipamba kwa mkia. Juu ya ukurasa aliongeza mwenyewe kwamba kilio kimenaswa katika matanga halisi. Neno halisi alilipigia mstari. Mtu aliyevuka bahari mbili kutafuta ukweli wa wazee wake alishindwa kuuacha ukweli wa mwanamke mmoja ukae kimya mahali patatu. Na mimi, niliyekuwa na masikio mawili na lugha ya mama, nilimsaidia kuubeba ule uongo.

Nilimsindikiza Same. Mashine na mikanda vilitangulia kwa treni kwenda Tanga. Yeye alikuwa aondoke Ijumaa. Alikuwa akiwatukana Waingereza njia nzima tukishuka mlima, na tulipofika alikwenda moja kwa moja kuoga na kula kwa Bwana DC. Nilingojea barazani na bahasha ya tafsiri magotini. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia visu na uma, nikasikia nyama ya mbuzi ikisifiwa, kisha nikasikia habari zangu. "Kijana wangu yule ana akili," alisema Bwana Kolumu. "Ukimwambia jambo mara moja tu, anajua unachotaka." Bwana DC alisema hao ndio wa kuangalia sana. Wakacheka wote wawili, yule mtawala na yule ndugu yetu aliyetawaliwa, kicheko kimoja, na mimi pale nje nikatabasamu gizani kama mbwa aliyesikia jina lake. Alipotoka aliniambia barua yangu itakuwa tayari Ijumaa stesheni, na kwamba chuo kitaiona pamoja na tafsiri, kwa hiyo tafsiri isiwe na dosari.

Nilipanda kurudi, nikakuta baraza limeitwa. Sisi watu wa kule tunapenda kesi kuliko nyama, na Mzee Mbonea alikuwa ameinoa yake kwa miaka. Mfumwa alikuwa amemwonyesha nakala ya Kiswahili kwa majivuno tu, kwamba kijiji chake kinakwenda kuandikwa Ulaya, na Mbonea, ambaye hakuwahi kusoma kitu zaidi ya karatasi za kodi, aliisoma ile mara mbili. Alisimama mbele ya wazee ameshika karatasi yangu kwa vidole viwili. "Kigogo kimekatwa," alisema. "Kimevikwa shuka lake, kimeliliwa na mama yake mzazi, kimezikwa, na Mzungu amekipiga picha. Jina hili hapa, mara tatu. Kwa nini bado mnaniambia Senkondo yuko hai?" Wazee walimgeukia Mama Senkondo. Alisema hakutaja jina. Nakiete alisimama, binti yake ameshika kanga yake, akasema, "Wazee wangu, mimi nilikuwepo mama akitoa sharti. Alisema atanyamaza. Mwalimu alikubali mbele yangu." Mfumwa aliuliza kama alikuwapo ndani wakati wa kilio. Nakiete akasema hapana, walimtoa nje. Mfumwa akauliza mashine iko wapi. Akaambiwa imekwenda Tanga. Basi macho yote yakanijia mimi.

Nakumbuka kwamba mkono wangu ulikwenda mfukoni kugusa kalamu. Nikisema hakutaja, basi karatasi yangu ni ya uongo, mfumwa ameaibishwa, Bwana Kolumu amevunjiwa kitabu, na Ijumaa hakuna barua. Nikisema alitaja, wanawake wawili na mtoto wanatoka kwenye shamba. Wengine wangeniambia nilikuwa kijana, nilibanwa. Sikubanwa. Nilikuwa na nafasi ya kutosha. Nilihesabu mpaka vifungo vya koti la mfumwa. "Mwalimu," aliuliza, "alimtaja?"

"Alimtaja," nilisema. "Mara tatu."

Nilitegemea kelele. Mama Senkondo hakupiga kelele. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaja mpaka mbele yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayenituma dukani, "Basi umemzika wewe." Kisha akatoka. Mbonea alipewa shamba kabla ya chakula cha mchana.

Ijumaa nilishuka Same kabla ya jua kuchomoza nikapata barua yangu. Bwana Kolumu aliitia sahihi juu ya sanduku lake, treni ikiwa imeshasimama. Ile barua nyingine, ya kuliuliza jeshi, niliyokuwa nimeiahidi mbele ya chungu cha makande, sikuwahi kumtajia. Ningeweza kumwambia pale pale. Alikuwa dirishani, anapunga mkono, machozi tayari. Niliona nisimchoshe. Nakiete alikataa kurithiwa na Mbonea. Alimbeba binti mgongoni, ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea, akashuka mpaka Ndungu, akaanza kulima mpunga wa watu kwenye matope na mbu. Mama Senkondo alibaki kwenye kibanda uani kwa Mbonea. Hakuongoza tena kilio cha mtu yeyote. Alikufa nikiwa ng'ambo nasomea namna bora ya kufundisha watoto ukweli, na nasikia matanga yake yalikuwa ya ovyo, watu walilia kila mmoja kivyake.

Senkondo hakurudi kamwe. Jambo hilo nimelitumia sana. Kwa miaka hamsini nimejilaza nalo kama mto: alikuwa ameshakufa, kwa hiyo nilichosema barazani kilikuwa kweli, ila kilitangulia kidogo. Kitabu cha Bwana Kolumu kilinifikia nikiwa mwalimu mkuu. Sura nzima ilihusu kilio chetu, na mimi nilitajwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo kama karani mwenyeji mwerevu. Ukimya wa mahali patatu ulichambuliwa kwa kurasa nne. Alisema ni pumzi ya kisanaa inayotangulia jina. Mchezo wa kuigiza nao aliuandika. Picha ya mchezo huo ilikuwamo kwenye kijitabu cha ule mwaliko, mwanamke wa Kizungu mwenye nywele nyekundu amekumbatia gogo, macho juu, amefumbua kinywa. Mama Senkondo alikuwa amefumba cha kwake. Hata hilo waliligeuza.

Ukumbi wa Same siku ile ulinuka rangi mpya na pilau. Mtafiti aliyeleta sauti alikuwa binti mwembamba anayeitwa Ifa, ana Kiswahili kizuri cha darasani, na sikuweza kumchukia ingawa nilijaribu. Aliniamkia shikamoo, akaniketisha mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Alieleza kwamba wao ni watu wa kisiwa kilichotawaliwa, kwa hiyo wanaelewa uchungu wa kunyang'anywa sauti. Nilikuwa nimeshaisikia hotuba ile, ilipokuwa na ndevu. Kila mtu alipewa kijitabu chenye maneno ya kilio kwa Kiswahili, tafsiri yangu, mkia wa Senkondo wa tatu umechapwa kama nilivyouchora. Ofisa utamaduni aliongea, mchungaji akaomba. Nilikuwa nimeanza kusinzia mlango ulipofunguliwa, akaingia bibi kizee mdogo mwenye fimbo, ameshikwa mkono na kijana mwenye kofia ya pikipiki. Walikuwa wametoka Ndungu. Nilimjua kabla hajakaa. Nakiete alikaa safu ya nyuma, kijitabu magotini, hakukifungua. Kijana, mwana wa yule binti aliyebebwa mgongoni, alikifungua kwa niaba yake.

Ifa aliweka CD, akabonyeza. Sauti ikatoka. Haikuwa imezeeka hata kidogo, ndicho kitu kilichonitisha. Sisi wote tulikuwa tumekunjamana, yeye alikuwa pale pale amepiga magoti. Watu walifuata maneno kwa vidole kwenye karatasi. Vidole vikafika kwenye jina la kwanza. Sauti ikanyamaza, mashine ya zamani ikaunguruma, kisha sauti ikaendelea na mstari mwingine. Niliona wazee wawili wanaojua Kipare, lugha ya kilio kile, wakitazamana. Jina la pili: kimya. Sasa watu walikuwa hawasomi tena, walikuwa wanangoja. Jina la tatu. Ukumbi mzima uliinamia ule ukimya, na ndani yake nilisikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau, mimi mwenyewe nikikohoa, kijana wa miaka ishirini na moja, nimo chumbani, nasikia kila kitu. Sauti ilipoisha hakuna aliyepiga makofi. "Rudia, mwanangu," alisema Nakiete kutoka nyuma. Ifa alifurahi, akadhani bibi amependa. Ikarudiwa. Nakiete alisikiliza amefumba macho, na kila penye ukimya aligonga fimbo yake sakafuni mara moja, polepole.

Kisha akasimama. Alipita katikati ya viti kuelekea mlango wa mbele, uliokuwa upande wangu, na mimi nikanyanyuka na goti langu bovu, kwa sababu yeye ni mkubwa kwangu na pale watu walikuwa wananitazama. "Shikamoo, dada Nakiete," nilisema. Alinitazama usoni, akanitambua vizuri, akapita. Ile shikamoo ilibaki hapo hapo hewani, mbele ya ofisa utamaduni na mchungaji na watoto wa shule, haina wa kuiitikia. Mlangoni alimgeukia mjukuu wake akasema kwa Kipare, bila kupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya, "Nirudishe nyumbani. Mama hakumtaja. Kumbe miaka yote hii mimi ni mke wa mtu."

Pikipiki iliwaka nje, ikaondoka. Ifa alinijia mbio, daftari mkononi, uso umemuiva kwa hamu. Aliuliza kama yule bibi anamfahamu mama wa kwenye sauti, na amesema nini pale mlangoni, kwa maana angependa kuandika neno kwa neno. Watu wote walikuwa wananitazama. Nilimwambia kwanza afute jina la Senkondo kwenye kijitabu chake, mahali pote patatu, kwamba niliyeliweka ni mimi. Kisha nikamtafsiria maneno ya Nakiete, na safari hii sikuongeza kitu.